Koo Lisilolala

Daktari wa koo alikuwa mwanamke wa haraka, mwenye mikono baridi na maneno machache. Aliingiza mrija mwembamba wenye taa puani mwa Kinanda, akauteremsha taratibu, na kwenye skrini iliyokuwa mezani zikatokea nyuzi mbili nyeupe, zikifunguka na kufungana. Mumewe, fundi makochi, aliyekwisha kuona matumbo ya makochi ya kila aina lakini hajapata kuona ndani ya binadamu, alishika ukingo wa kiti kwa mikono miwili.

“Mnakiona hicho?” daktari akauliza, akigusa skrini kwa ncha ya kalamu. “Hapo kwenye uzi wa kushoto. Hicho kinundu.”

“Ni ule ugonjwa, dokta?” Jina la ugonjwa wenyewe fundi hakulitaja, asije akauita.

“Si saratani, baba. Ni sugu. Hebu nione kidole chako.” Fundi akanyoosha kidole gumba, kigumu kama kisigino. “Sugu yako wewe imeletwa na sindano. Ya mkeo imeletwa na kuimba bila kupumzika. Akipumzika, mara nyingi huyeyuka yenyewe. Asipopumzika, tutakata. Na nikishakata, sauti itakayorudi siwezi kuwaahidi kwamba mtaitambua.”

Kinanda alikuwa bado na mrija puani, machozi yakimtiririka, hawezi hata kugeuza shingo. Neno “tutakata” lilimwingia sawasawa.

“Sasa apumzike vipi, dokta?”

“Asiseme. Asiimbe. Baada ya wiki mbili mrudi nimtazame.”

Nje foleni ilikuwa imefika kwenye ngazi, na mtoto wa mtu alikuwa akikohoa bila kukoma. Fundi aliuliza kama mkewe anaruhusiwa pilipili. Akauliza kama maji baridi yana madhara. Walipokwisha kutoka alirudi tena mlangoni kuuliza habari ya pilipili, maana alikuwa amesahau jibu. Jambo moja tu hakuliuliza, na daktari naye, akiwa ameshashika faili la mgonjwa mwingine, hakulisema. Hilo ndilo lililokuja kuwaponza.

Kinanda halikuwa jina alilopewa na wazazi wake. Alipewa na bendi, ile iliyokuwa ikipiga kila mwisho wa wiki kwenye ukumbi uliokuwa zamani wa sinema, kwa kuwa sauti yake iliujaza ukumbi mzima hata umeme ukikatika. Aliimba na alitunga. Na utungaji wake ulikuwa na mwiko: wimbo ambao haujaiva hauandikwi, wala haurekodiwi. Aliamini kwamba wimbo mbichi ukishanaswa kwenye simu unadumaa. Basi alitembea nao kooni, akiuvuma kwa sauti ya chini jikoni, bafuni na njiani, mwezi, miezi miwili, mpaka uive. Watu wa ofisini hufunga kazi jioni wakarudi kwao. Kazi ya Kinanda ilikuwa kooni, angeifunga kwa kufuli gani?

Walikuwa na vyumba viwili na baraza. Barazani ndipo fundi alipofanyia kazi, katikati ya sponji, vitambaa na mifupa ya makochi ya watu. Jioni ile aliwakusanya watu wake sebuleni: mama yake mzazi, ambaye sikio moja lilikuwa limestaafu na la pili likijiandaa, na binti yao wa darasa la nne, aliyeitwa Chiriku kwa sababu alianza kusema kabla ya kuota meno na hajanyamaza tangu hapo.

“Kuanzia leo Mama Chiriku hasemi,” fundi akatangaza kwa sauti ya kumfikia mama yake. “Hata neno moja! Amri ya daktari!”

Bibi alimtazama mkwewe. “Mwanamke asiyejibu,” akasema. “Ningejua wapo, ningekuoza wa namna hiyo tangu mwanzo.”

Kinanda akataka kucheka, akakumbuka, akaziba mdomo kwa kiganja. Hapo ndipo alipotambua kwamba hata kicheko kinatokea pale pale, na woga ukamrudia upya.

“Baba, na kunong'ona?” Chiriku akauliza. “Kunong'ona pia hapana?”

Fundi alifikiri. Wote walimtazama yeye, maana ndiye aliyeongea na daktari, na mtu akishaongea na daktari nyumba nzima humwona kama nusu daktari. “Kunong'ona si kusema,” akaamua. “Sauti haitoki. Kunong'ona ni pumzi tu. Kunong'ona ruksa.”

Kinanda akashusha pumzi kwa shukrani, akamnong'oneza, “Asante, Baba Chiriku.” Na sheria ikapita hivyo, bila mpinzani.

Kunong'ona kwenyewe hakukuwa kazi nyepesi. Bibi hakusikia mnong'ono wa kawaida, kwa hiyo Kinanda alilazimika kuusukuma kutoka tumboni mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. “Mama, chumvi iko wapi?” “Eeh?” “Chumvi!” “Nani kaja?” Ilipofika saa ya kula alikuwa ameshanong'ona kutwa nzima, na koo linawaka. Alijipa moyo kwamba kidonda kikianza kupona ndivyo kinavyowasha.

Nje ya nyumba mambo yalikuwa mambo. Siku ya kwanza alipokwenda sokoni alisalimiwa na watu tisa au kumi, na salamu haijibiwi kwa kutikisa kichwa. Mama muuza mkaa, ambaye kila mwisho wa wiki alikuwa wa kwanza kuinuka kucheza, aliweka mikono kiunoni. “Ah! Tumekuwa wakubwa. Siku hizi hatujibu watu.”

“Mama yangu hasemi,” Chiriku akadakia. “Koo lake limeota sugu.”

“Sugu kooni? Kwa maneno gani hayo?” Watu wakacheka. Kinanda naye akatabasamu, afanyeje?

Chiriku akaona hilo halifai. Nyumbani alikata kipande cha boksi, akaandika kwa herufi kubwa SISEMI. NAUMWA KOO, akakitoboa na kupitisha uzi wa babaye wa kushonea. Kinanda akakivaa shingoni. Sasa watu hawakununa tena, bali walimwonea huruma, na huruma yao ilimchoma kuliko kununa. Mwenye duka la mchele, ambaye redio yake ilikuwa ikipiga sauti ya Kinanda asubuhi hadi jioni, alimkaribia usoni akapanua kinywa kama anamfundisha mtoto: “UNA-TA-KA MCHE-LE?” Alisoma kwenye boksi kwamba hasemi, akaona basi na masikio nayo yameziba. Kinanda akaitikia kwa kichwa. Nyuma ya mwenye duka redio ilikuwa ikiimba, naye alijiona kama mtu aliyekuja kwenye matanga yake mwenyewe akakuta hakuna anayemtambua.

Kiongozi wa bendi alikuja na mfuko wa machungwa. Alikuwa mpiga gitaa mwenye mvi za kupaka rangi, mtu mwema mradi usiwe umesimama kati yake na jukwaa. Nyuma yake aliingia msichana mrefu mwenye haya, aliyetolewa kwenye kwaya, na bendi ikawa imeshamwita hivyo hivyo, Kwaya.

“Pole sana, dada,” Kiongozi akaanza. “Pole mno. Tumesikitika wote.” Akakaa kwenye kochi la mteja lisilokuwa na sponji, akazama, fundi akamvuta. “Sasa, kuna habari. Redio wanakuja ukumbini Jumapili ya mwisho wa mwezi. Moja kwa moja hewani. Nchi nzima.”

Moyo wa Kinanda uliruka kwa furaha, kisha akahesabu wiki kichwani, akaona mazoezi yote yatampita kabla daktari hajamruhusu, ukatulia.

“Tungekusubiri,” Kiongozi akasema, “ila redio hawasubiri mtu. Na wanataka ule wimbo mpya. Ule. Wamesikia sifa zake. Ndiyo nikasema, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Huyu mdogo wako aushike, aubebe siku hiyo moja tu, halafu ukipona unarudi kwenye nafasi yako.”

Kinanda alijua methali ile. Hakuhitaji kuambiwa koleo ni nani.

“Na malipo?” fundi akauliza.

Kiongozi akaangalia viatu vyake. “Shemeji, asiyekuwapo na lake halipo. Sheria ya bendi unaijua, sikuitunga mimi. Ila machungwa haya ni ya mfukoni kwangu.”

Wimbo ule bendi ilikuwa imeusikia mara mbili tu. Haukuwa kwenye simu ya mtu wala kwenye karatasi, kwa ule mwiko wake. Angekataa, ungebaki kooni na hakuna ambaye angeweza kuutoa humo. Lakini Kinanda alikuwa ameshaona jinsi watu wanavyosahau. Aliogopa kwamba akikataa, watapata wimbo mwingine, na siku akipona atakuta hata kiti chake cha mazoezini kimeshakaliwa. Akatazama yale machungwa. “Sawa,” akanong'ona. “Aje kesho.”

Kwaya alikuja kila siku mchana baada ya kazi za kwao, akavua viatu mlangoni, akampa Bibi shikamoo ya kupiga goti. Alikuwa na adabu iliyomtia Kinanda hasira, kwa sababu haikumpa pa kumshikia. Walikaa kitandani wakielekeana, Kinanda akinong'ona ubeti kwa ubeti na msichana akiurudia kwa sauti safi, changa, isiyo na mkwaruzo. Kinanda alimsikiliza, wivu ukampanda mpaka akaona giza, kisha akaona aibu.

Tabu ilikuwa kwenye kiitikio. Pale wimbo unapanda ghafla, kwa mruko ambao Kinanda aliutafuta miezi miwili na kuupata siku moja akiwa anachambua mchele. Mruko ule ndio uliokuwa wimbo. Mengine yote ni njia ya kuufikia.

“Dada, hapa unapanda au unashuka?” Kwaya akauliza.

“Napanda.”

“Unapanda mpaka wapi?”

Mnong'ono hauna juu wala chini. Kinanda akainua mkono, akaupandisha mpaka juu ya kichwa. Kwaya akautazama ule mkono kwa heshima, akajaribu, akapanda nusu ya njia akasimama. Kinanda akatikisa kichwa. Akanong'ona tena kwa nguvu zaidi, akaukaza mnong'ono mpaka ukawa karibu kuwa mluzi, akajilazimisha, koo likamchanika kwa maumivu. “Juu! Juu zaidi!” Kwaya akajaribu tena, akarudi pale pale. Kutwa wakashinda hapo, na kesho yake, na keshokutwa. Barazani fundi alikuwa akiwaambia wateja kwa fahari kwamba mkewe ni mgonjwa mtiifu, tangu atoke kwa daktari hajatoa hata sauti ya kupiga chafya.

Siku ya kurudi kwa daktari Kinanda alioga mapema na kuvaa gauni lake la jukwaani. Mrija ukashuka. Daktari akatazama skrini, akasogea karibu, akatazama tena.

“Umekuwa ukisema,” akasema.

“Haki ya Mungu hajasema!” Fundi alikuwa ameshasimama. “Dokta, mimi ni shahidi. Mama yangu ni shahidi. Ananong'ona tu.”

Daktari akauchomoa mrija polepole, akaulaza kwenye sinia, na kwa mara ya kwanza hakuwa na haraka.

“Ananong'ona,” akasema.

“Pumzi tu, dokta. Sauti haitoki.”

“Baba, kunong'ona ndiko kubaya zaidi. Anayenong'ona kwa nguvu anazikaza hizi nyuzi na kuzikwangua kwa pumzi kavu. Afadhali angesema kawaida.” Akageuza skrini. Kinundu kilikuwa kimenenepa, na upande wa pili, kwenye uzi wa kulia ambao ulikuwa mzima, pametokea kingine kidogo kikikitazama cha kwanza. “Ningewaambia siku ile. Nilidhani mnajua. Hilo ni kosa langu.”

Fundi alikaa. Kinanda hakumtazama, maana alijua akimtazama wote wawili watalia, na kulia nako kunatokea kooni.

“Nawapa wiki mbili nyingine,” daktari akasema, safari hii akimwelekea Kinanda mwenyewe. “Za mwisho. Hakuna kusema, hakuna kunong'ona, hakuna kuvuma, hakuna kukohoa kwa makusudi. Na sikiliza, mama. Usiimbe hata moyoni. Mwimbaji akiimba moyoni, koo linamfuata hata akiwa amefunga mdomo. Nimeona kwenye hii skrini. Vinundu visipopungua, tunakata.”

Njiani fundi alibeba mkoba wa mkewe. Walipofika kona ya mtaa wao akasema, “Mimi ndiye niliyesema ruksa.” Kinanda akamshika mkono. Hakuwa na njia nyingine ya kumjibu, na kwa kweli hata angekuwa nayo asingejua ajibu nini, kwa kuwa alikuwa na hasira naye na alikuwa anampenda, yote mawili kwa pamoja.

Kwaya alipokuja siku ile alikuta mlango umefungwa. Chiriku akamwambia dirishani masomo yamekwisha.

Ndipo ikaanza hofu yenyewe. Mdomo Kinanda aliweza kuufunga. Alifunga hata meno. Lakini nani anaweza kuufunga moyo? Alikaa kufua, nguo zikawa zinasuguka kwa mpigo, tap-tapu, tap-tapu, na mara wimbo ukaingia. Akaacha kufua. Akachukua ufagio, ufagio nao ukawa na mpigo wake. Akakaa chini, akasikia kitu chepesi kikicheza kooni kama mdudu chini ya ngozi, akajishika shingo kwa mikono miwili. Alikuwa anaimba. Hajakusudia, hajafungua mdomo, na alikuwa anaimba. Maisha yake yote aliomba wimbo usimkimbie. Sasa akawa anaufukuza kama kuku aliyeingia ndani.

Nyumba nzima ikaingia vitani. Bibi aliacha kutwanga. Chiriku akaambiwa asirukeruke kamba uani. Fundi alipogundua kwamba nyundo yake barazani ina mdundo, akaanza kuipiga ovyo ovyo, moja, kimya, tatu, moja, ili mdundo usipatikane. Misumari ikapinda. Mteja mmoja, afisa wa benki, alisimama akamtazama muda mrefu kisha akauliza kwa upole, “Fundi, umeanza kunywa?” Fundi akasema hapana, mzee. Akaendelea kupinda misumari yake, na yule afisa akalichukua kochi lake kabla halijaisha.

Usingizi ndio uliobaki kuwa mahali pa kupumzika. Kinanda akalala mchana, akalala vizuri kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Alipoamka Chiriku alikuwa amesimama mlangoni, mgongo ukutani, macho yamemtoka. Na Chiriku, kwa ajabu, hakuwa na maneno.

Kinanda akainua nyusi: nini?

“Mama,” mtoto akasema. “Umeimba.”

Kinanda akatikisa kichwa.

“Umeimba, mama. Ulikuwa umelala. Umeimba mpaka pale juu.”

Basi hata kulala hakukuwa kupumzika. Kumbe huko usingizini, wao wakidhani amelala kama mgonjwa, yeye alikuwa jukwaani. Alijigusa koo, likawa la moto. Kuanzia hapo akaogopa kitanda. Alikaa wima kwenye kigoda, akijifinya mapaja, macho yakaingia ndani, na ikawa kila mtu anayempita anamwambia neno lile lile, pumzika, mama, pumzika.

Fundi ndiye aliyepata dawa, kama ni dawa. Alifunga kazi, akanawa mikono kwa sabuni, akakaa kando ya kitanda. “Lala,” akasema. “Nitaweka vidole hapa. Likianza kucheza nitakuamsha.” Akaweka vidole vyake viwili vigumu juu ya koo la mkewe, kwa wepesi ambao mtu asingeutegemea kwenye mikono ya namna ile. Kinanda akalala. Koo lilipoanza kucheza fundi akamtikisa, mkewe akaamka, akalala tena. Siku zikaenda hivyo. Fundi akawa anasinzia barazani na sindano mkononi, akajichoma mara kadhaa, akamwambia mama yake ni umri.

Jumapili ya redio ikafika. Fundi alikwisha kuamua redio yao haifunguliwi, akaitoa na betri. Lakini mchana ule dirisha la jirani wa kulia lilikuwa wazi, la kushoto wazi, na duka la mchele lilikuwa limetoa spika nje kwa heshima ya mwimbaji wa mtaa. Ungeizima vipi redio ya watu wote?

“Bora tuisikie hapa hapa,” Bibi akasema. “Jambo ukilikimbia linakutia wasiwasi bure. Nileteeni hiyo kitu sikioni.”

Betri ikarudishwa. Kinanda alikaa kwenye kochi, fundi pembeni yake na vidole kooni, Chiriku sakafuni. Ukumbi ulisikika ukipiga kelele. Kiongozi akahesabu, gitaa likaingia, na ile sauti changa, safi, ikaanza ubeti wa kwanza.

Vidole vya fundi vikashtuka. “Unaimba,” akasema.

Kinanda akatikisa kichwa kwa nguvu.

“Unaimba, Mama Chiriku. Nakusikia kwa vidole.”

Lilikuwa linacheza, wala hakuwa na la kufanya. Kila neno la Kwaya lilikuwa na pacha wake ndani ya koo lile lenye vinundu. Chiriku akainuka, akamziba mama yake masikio kwa viganja. Halikuacha. Kinanda akakaza macho, akajaribu kufikiria mkaa, mchele, foleni ya hospitali, akajaribu kuhesabu kurudi nyuma, na koo likaendelea kuimba chini ya vyote hivyo, uzi ukisuguana na uzi. Aliona ule mkono baridi wa daktari ukishika kisu. Ubeti wa pili ukapita.

“Nakuomba,” fundi akasema. Alikuwa analia waziwazi. “Nakuomba, mke wangu, acha. Acha tu.”

Kiitikio kikaja. Kinanda alihisi koo likijikusanya kwa ule mruko, likavuta, likainuka. Na Kwaya akashuka.

Hakupanda. Pale ambapo mnong'ono ulishindwa kumwonyesha, msichana alikuwa ametafuta njia yake mwenyewe, akateremka chini, chini kabisa, mahali penye giza ambapo wimbo ule haujawahi kufika. Koo la Kinanda likabaki juu peke yake. Likasita. Lilingoja nafasi ya kuingia, halikuiona. Kwaya akaendelea kule kule chini, akaimba kiitikio chote kwa njia ile, na ukumbi uliokuwa unapiga kelele ukanyamaza kimya.

“Limetulia,” fundi akasema. Akasogeza vidole, akatafuta juu, akatafuta chini. “Mama! Limetulia! Halichezi kabisa!”

“Si nilisema?” Bibi akasema, ingawa hakuwa amesema. Chiriku akaruka, akambusu mama yake puani.

Lilikuwa limetulia kweli. Ndani ya Kinanda mlikuwa kimya, kimya cha kweli, kile ambacho daktari alikitaka na watu wote walikiomba. Alisikiliza wimbo wake kama wanavyousikiliza wengine, bila kuujua unakokwenda. Ulikuwa mzuri. Pengine, na hili lilimtisha kuliko kisu, ulikuwa mzuri kuliko alivyoutunga yeye. Akawaza: kumbe hivi ndivyo mtu anavyopumzika.

Makofi yakalipuka. Mtangazaji akapaza sauti juu ya makofi hayo. “Wimbo huu mpya, Kiongozi! Watu wanapiga simu hapa! Ni utunzi wa nani?”

Redioni Kiongozi akasikika akisafisha koo.

“Wa bendi,” Kiongozi akasema. “Ni wa bendi nzima.”

“Mwongo!” Chiriku akapiga kelele. “Ni wa mama! Mama, si ni wako? Sema!”

Koo la Kinanda likajikusanya. Fundi alilihisi likiinuka chini ya vidole vyake, gumu, limejaa neno moja tu. Mdomo wa mkewe ulikuwa umeshafunguka. Hakuthubutu kumkataza. Alimtazama tu, uso umemparama kwa woga, vidole vyake vikingoja.

Kinanda alimtazama mumewe. Akafunga mdomo, akameza. Fundi akalihisi lile neno likishuka polepole, likapita, na koo likatulia tena.

“Zima redio,” fundi akamwambia Chiriku. “Mama yako anapumzika.”